Siku Baba Alipompigia Makofi Dada Skola

Enzi zetu pale Kasense, msichana mkubwa akionekana anakimbia barabarani, watu walisimama na kuuliza nani amefariki. Ndiyo maana dada yangu Skola alipoanza kurudi nyumbani mbio kila jioni, raketi ya mbao ikiwa kwapani, mama alikuwa na kazi ya kuwatuliza majirani. "Hakuna msiba," aliwaambia. "Anafanya mazoezi." Majirani walikubali kwa shingo upande, maana mazoezi waliyajua kuwa ni ya askari.

Wenzangu mliokulia Sumbawanga miaka ile mnaukumbuka uwanja wa tenisi wa klabu ya maofisa. Ulikuwa uwanja wa nyasi waliouacha wakoloni, na maofisa wetu wakaurithi pamoja na viti vyake vya kukunja. Nyasi zilifyekwa kwa fyekeo, na wavu ulishonwashonwa kwa kamba ya katani hadi ukafanana na wavu wa samaki. Ukifika mwezi wa saba, upepo wa kwetu unapokata masikio, watu walicheza wakiwa na masweta. Watoto wa leo wakiona baridi kidogo hawatoki kitandani mpaka wachemshiwe maji ya kunawa uso.

Dada Skola alijifunza mchezo huo shuleni, kwa mwalimu mmoja Mwingereza aliyekuja kufundisha jiografia. Tulimwita Madamu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miguu myembamba kama ya kunguru, na alikuja na raketi mbili kwenye sanduku lake. Aliwajaribu wasichana wote wa darasa, wengi wakacheka wakaacha, akabaki Skola. Kiswahili cha Madamu kilikuwa cha kuokoteza, lakini kuna maneno aliyoyasema ambayo Dada aliyaleta nyumbani tukayatumia miaka yote. "Skola, usiuonee mpira huruma." Mama naye akawa ananiambia nikitwanga mahindi, "We Prisca, usiyaonee huruma."

Neno jingine lililotoka uwanjani ni lavu. Refa akisema lavu, maana yake mchezaji hajapata kitu. Kwetu likaingia jikoni. Ukiuliza kama ugali wa ulezi umebaki, unajibiwa lavu. Samaki je, ile migebuka iliyoletwa kutoka ziwani? Lavu. Mpaka leo ukienda kwa watu wa ukoo wetu ukasikia hivyo, ujue umechelewa kula.

Nyumbani Dada alifanyia mazoezi kwenye ukuta wa ghala la mahindi. Alichora mstari wa mkaa kwa urefu wa wavu, akaupiga mpira hapo mpaka giza likamfukuza. Mpira wenyewe ulikuwa umekwisha manyoya, una kipara kama cha katekista wetu. Baba alivumilia kelele zile kwa muda mrefu. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, na lililomsumbua si mpira bali maneno ya watu, kwamba binti wa mzee fulani anashindana na wanaume mchana kweupe.

Ni kweli alishindana na wanaume, kwa kuwa wanawake wengine wa kucheza naye hawakuwapo. Madamu alimpeleka klabu, wakamcheka siku ya kwanza, wiki zilizofuata wakaanza kutafuta visingizio vya kutocheza naye. Kabla ya kila mchezo Dada alisogea kwenye wavu, akakunja goti na kumwambia mpinzani wake "Shikamoo." Yule akijibu "Marahaba," Dada alirudi mahali pake na kumkimbiza huku na huku kama mbuzi aliyeingia shamba la watu.

Ikatangazwa kwamba bingwa wa mashindano ya klabu atakwenda Mbeya kushindana na wa mikoa mingine. Dada akafika fainali. Mpinzani wake alikuwa Bwana Kilimo, ofisa mmoja mpole mwenye kitambi, lakini mkono wake ulikuwa mzito. Baba akamwita Dada, nikiwa nimekaa pembeni nachambua maharage. "Ukishinda, nenda Mbeya na mimi nitakuwa nimeridhika. Ukishindwa, tutavuna ulezi, na habari za kushindana na wanaume ziishe." Dada akasema, "Ndiyo, Baba." Mbeya ndicho kitu pekee alichowahi kukitaka waziwazi tangu nimjue.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho wajukuu zangu wanadhani ninakitunga. Kwetu Ufipa makofi yalikuwa salamu. Mwanamke alipokutana na mkubwa wake alipiga magoti, akapiga makofi taratibu, na mkubwa naye aliitikia kwa makofi. Si makofi ya mkutano wa hadhara. Viganja vinakunjwa kidogo, vinakutana polepole, na sauti yake ni nzito, inatoka chini. Ukiisikia sauti ile hufikirii, magoti yanakwenda yenyewe. Mwanzoni Dada alipata shida sana klabu. Kila watazamaji walipompongeza alipiga magoti kuwaitikia, mpaka Madamu akamfundisha kwamba makofi ya uwanjani si salamu, ayaache yapite. Akazoea.

Siku ya fainali Baba alikuja. Hakumwambia mtu. Tuliona tu baiskeli yake ikiegemezwa kwenye uzio, naye akiwa amevaa koti lake la kanisani, akasimama nyuma ya viti vya maofisa. Mimi na mama tulikuwa upande wa pili. Mama akaninong'oneza, "Usimwambie dada yako." Tenisi Baba hakuwahi kuiona maishani mwake.

Dada alicheza vizuri kuliko siku zote. Bwana Kilimo alikuwa anahema kwa sauti, sweta amelivua. Ikafika mahali ambapo Dada alibakiza pointi moja tu awe bingwa. Watu wote kimya, maana katika mchezo ule hupigi kelele mpira ukiwa hewani. Dada akaupiga kwenye kona, Bwana Kilimo akaukimbilia, akauwahi kwa ncha ya raketi. Mpira ukaenda juu sana, juu kupita miti. Baba akadhani umepotea. Alipoona mpira umekwenda juu kiasi kile, akaamini kwamba mwanawe ameshinda na mchezo umekwisha. Akapiga makofi, kwa namna pekee aliyoijua yeye.

Katika ukimya ule sauti ilisikika uwanja mzima. Dada alikuwa anarudi nyuma, macho juu, raketi tayari. Nikamwona anashtuka. Akapiga magoti palepale kwenye nyasi, raketi akaiweka chini, akaanza kuitikia. Mpira ukashuka, ukadunda ndani ya mstari nyuma yake, ukapita.

Refa, karani wa benki, alitazama huku na huku kama mtu aliyeulizwa swali lisilomhusu, kisha akampa pointi Bwana Kilimo. Kanuni ndivyo zilivyosema. Dada akasimama, akageuka, akamwona Baba. Baada ya hapo mkono haukumtii tena. Alishindwa, na Bwana Kilimo mwenyewe alipokea ubingwa akiwa ameinamisha kichwa.

Tulirudi Kasense kwa miguu, Baba akikokota baiskeli.

"Skola," Baba akasema. "Lile lilikuwa kosa langu."

"Hapana Baba. Mimi ndiye niliyepiga magoti."

"Ulitaka ufanye nini? Nikupigie makofi na wewe usimame tu unitazame?"

Baba akasema, "Tulichoagana kimevunjika, kwa kuwa nimekivunja mimi. Mwakani utacheza. Mimi nitabaki shambani."

Mama hakukubaliana naye. Kwa nini asiende, akakae tu bila kupiga makofi? Baba akamwuliza, mzazi akae mbele ya watu, mwanawe anafanya vizuri, wenzake wote wanampongeza, yeye ameweka mikono mapajani? Si watasema anamwonea kijicho mtoto wake?

Mwaka uliofuata Dada alimshinda Bwana Kilimo bila tabu, akapewa blanketi la zawadi, akaenda Mbeya akawashinda wanawake wa huko. Alishinda tena na tena, mpaka watu wa klabu wakazoea kusema mashindano ni ya kutafuta mshindi wa pili. Majirani waliokuwa wanauliza habari za msiba wakawa wanasimulia kwamba walimjua tangu mdogo. Kila aliporudi, Baba aliketi kwenye kigoda uani, na Dada akachora uwanja chini kwa kijiti. Alimwonyesha mpira ulipotoka na ulipoangukia. Baba aliuliza maswali mengi kuliko refa. "Hapo yule naye alikuwa wapi? Mbona hakuuona?" Nilipenda sana jioni zile. Lakini uwanjani hakukanyaga tena, mpaka tulipomzika.

Dada aliolewa, akafundisha michezo sekondari hadi akastaafu, na sasa anaishi Chanji, hatua chache kutoka kwangu. Uwanja wa nyasi haupo, wamejenga. Madamu alirudi kwao zamani sana.

Majuzi tulikwenda pamoja shuleni kwa mjukuu wangu, siku ya michezo. Jamani, mambo ya siku hizi. Mtoto anakimbia na magunia, mzazi anakimbia sambamba naye akimpiga video. Wazazi wamejaa uwanjani kuliko watoto. Aliyeshika nafasi ya mwisho anapigiwa makofi na vigelegele, anainua mikono kama amechukua kombe, halafu anakuja kwa bibi yake na kusema "Mambo" huku akitafuta simu ajitazame. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikamgeukia Dada nikidhani naye anacheka.

Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama baba mmoja kijana, aliyempakata binti yake mwenye medali ya plastiki.

"Mechi zangu zote nilimsimulia Baba," akaniambia. "Alizijua kuliko mimi. Lakini kwa macho yake, Prisca, aliniona mara moja tu, nikishindwa."