Yule wa Kofia ya Kijani

Thelma Garrod aliwahi kuwa mpishi wa shule, na tangu afiwe na mumewe hakuwa na pa kwenda ila kwenye kibanda cha kuchungulia ndege vinamasini, pale mto wetu unapokutana na bahari. Mimi nauza chai mlangoni mwa vinamasi hivyo, kwa hiyo nazijua habari za kila anayepita. Kila Alhamisi, majani yakianza kupukutika na ndege wa kaskazini wakianza kutua, Thelma alikaa upande wa kushoto wa benchi. Upande wa kulia alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya kijani.

Miaka nenda miaka rudi walikaa hivyo, wakiongea habari za ndege tu. Maji yakijaa, sululu, wale ndege wa midomo mirefu iliyopinda, husukumwa hadi karibu na dirisha, basi huyu humnong'oneza mwenzake atazame kule kwenye matete. Siku moja waliona fisi maji akitafuna mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, wakacheka pamoja, mzee akammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Thelma alikuja kwangu mashavu yamemwiva.

"Shoga, anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Aa, Hilda, mle ndani hatuulizani majina."

Nilimcheka mpaka akanuna. Ndege anamjua mpaka alikotagiwa, mwanamume anayempenda hamjui hata jina! Lakini ndivyo tulivyo huku kwetu. Tunaona heri tufe kuliko tuonekane wadaku. Hata hivyo aliniahidi kwamba safari hii, wakirudi bata bukini, atamuuliza jina na kumkaribisha nyumbani kwa chakula cha Jumapili. Akanunua na skafu mpya.

Bata bukini wakarudi. Mzee hakuonekana.

Alhamisi ya kwanza Thelma alisema labda ni mvua. Baadaye akaanza kuulizia. Wachungulia ndege wote walimjua yule wa kofia ya kijani, wakajua na ndege gani adimu alimwona mwaka gani, ila hakuna aliyejua anakaa wapi. Wazimu gani huu, nikawaambia, wakatazama viatu vyao. Thelma akakumbuka kwamba mzee alikuwa akikohoa sana majira ya baridi yaliyopita, akapanda basi hadi hospitali ya mjini. Dada wa mapokezi akamuuliza jina la mgonjwa. Thelma akamweleza kofia, kikohozi, mikono mirefu. Yule dada alimsikiliza kwa upole, lakini bila jina angemtafutia wapi? Thelma akarudi nyumbani.

Novemba, Alhamisi, akaingia kibandani kwangu muuguzi kijana, akaulizia mama anayekaa kushoto kwenye benchi la ndege. Thelma alikuwa mezani kwangu, anakunywa chai.

"Ni mimi," akasema.

Muuguzi akakaa. Akaeleza kwamba wodini kwake, ghorofa ya pili ya hospitali ya mjini, alilazwa Bwana Edwin Pask tangu Septemba. Hakuwa na ndugu. Walipomuuliza wamwite nani, alisema yuko mama mmoja, ila hajui anaitwaje. Na kila saa ya kuona wagonjwa ilipokaribia, aliomba achanwe nywele.

"Nilifika pale," Thelma akasema. "Nilisimama hapo chini."

Sikuweza kumtazama. Nilishika kitambaa nikafuta meza iliyokuwa safi.

"Yuko wodini bado?" akauliza.

"Amefariki juzi, mama. Pole sana." Muuguzi alikuwa analia. "Aliniomba nikipata siku ya mapumziko nije huku. Mapumziko yangu ndiyo leo. Nikaona, hata kama amekwenda, nilimwahidi."

"Alikutuma useme nini?"

"Hakunituma kusema kitu. Alinituma nikuulize jina."

Thelma alifungua mdomo alitaje, akaishia kujifunika uso kwa skafu yake mpya. Nililitaja mimi.