Gundi Kwanza

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Kutwa nzima alikaa chumba cha nyuma cha zahanati, taa imeinama begani kwake, akichonga nta na kulipaka jino jipya rangi ya chai ili lifanane na wenzake waliobaki kinywani mwa mtu. Ndiyo maana mtaani walimwita Fundi Meno. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mwenye maneno yake, anayelipwa kwa kukaa kiti cha pembeni na kuwaambia watu "polepole, polepole" mpaka jua linatua.

Hawakujaliwa watoto, na hilo hawakulizungumza. Walichojaliwa ni meza. Ilimeza sebule nzima. Mgeni akitaka kupita, alipita ubavu ubavu. Juu yake palikuwa na milima, mto, daraja, kijiji kilichoungua nusu, na majeshi ya vijisanamu vidogo vya kusimama juu ya ukucha wa dole gumba: wachawi, majoka, mashujaa na majitu ya vichwa viwili. Kila Jumapili marafiki walikuja kucheza. Kila mmoja alikuwa na shujaa wake, mwalimu akawasimulia hatari zinazowangoja, na dadu zikaamua nani apone na nani afe. Watu wazima na ndevu zao walinyamaza kimya wakingoja joka litoke pangoni. Ukicheka, cheka, lakini wapo wanaopoteza Jumapili zao kwa mambo mabaya zaidi.

Kazi za meza hiyo waligawana bila kuandikiana. Mume alichonga foamu nyeupe, ile inayokuja kwenye maboksi ya televisheni, akaipa umbo la mwamba au ukuta, akaiacha hapo na kwenda kufundisha. Mke aliipaka gundi ya mbao kila pembe, akangoja ikauke, akarudia, ndipo akapulizia rangi nyeusi ya kopo. Juu ya ule weusi akaleta kijivu, kutu na ukungu kwa brashi ya nywele tatu. Gundi hiyo ikikauka huioni, lakini ukiiruka, rangi ya kopo inaitafuna foamu mpaka inaisha. Mume hakuwahi kuiona gundi hiyo ikipakwa. Alikuta mambo tayari, na anayekuta mambo tayari kila siku mwishowe hudhani yanajitayarisha yenyewe.

Jumapili moja Muuza Viatu, rafiki yao wa siku nyingi, alimwinua mchawi mmoja akamsogeza karibu na miwani.

"Hii kazi ya nani? Hebu ona macho yake. Huyu ananitazama mimi."

Mwalimu akacheka, kifua mbele. "Kazi yangu hiyo, bwana. Mke wangu ananisaidia tu kupaka rangi."

Mke alikuwa palepale akikusanya vikombe. Miaka tisa ya kukaza macho, shingo inayouma kila asubuhi, vidole vinavyonuka dawa ya kusafishia brashi, vyote vikawa "ananisaidia tu". Iliuma, na iliuma zaidi kwa kuwa ilisemwa kwa furaha, bila hata nia ya kuumiza.

Wageni walipoondoka alimuuliza, "Kwa hiyo mimi nakusaidia tu?"

"Ah, mama, usiyabebe hivyo. Ni soga tu zile."

"Haya."

Wenye ndoa wanaijua "haya" ya namna hiyo. Tangu siku ile wakanuniana. Mke alifungia brashi zake kabatini. Chakula kiliwekwa mezani kimefunikwa, na mume aliishukuru sahani, si mpishi. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, wote wawili wakijiona ndio waliokosewa, na wiki zikapita. Kiburi hakina mshahara, lakini wanaokifanyia kazi hawaendi likizo.

Katika kimya hicho mume alianza kuchonga ngome. Alitafuta foamu kubwa kuliko zote, akawa anaifanyia kazi kila jioni, peke yake. Mke alipopita na ufagio aliiona ikikua: ngazi ya kuzunguka ndani ya mnara, madirisha ya ukubwa wa dengu, vigae vilivyokatwa kimoja kimoja. Ilikuwa kazi nzuri, na ilimkera kukiri. Kisha akaona chumba cha juu kabisa. Ndani yake palikuwa na kiti kimoja, kimeza kidogo, na juu ya kimeza vijiti vya kuchokolea meno vilivyonolewa mpaka vikawa brashi. Hakuhitaji kuambiwa chumba hicho ni cha nani.

Moyo ulimlainika, halafu akaukaza tena. Aliniaibisha kwa mdomo mbele za watu, akasema moyoni, na mdomo anao bado. Anipe maneno, si foamu.

Jumamosi alikuwa akifua uani. Alipoingia kwa mlango wa nyuma na beseni la mashuka akafika mlango wa mbele, alimkuta mumewe barazani ameitandikia ngome magazeti. Mkononi alikuwa na kopo la rangi nyeusi, analitikisa, na ile gololi ya ndani inagonga. Alitaka kuimaliza mwenyewe mpaka rangi, ili kesho yake aizindue mbele ya wageni. Mke alitupa jicho mara moja tu kwenye foamu. Ilikuwa nyeupe, kavu, punje zake zote ziko wazi. Haikuwa na gundi.

Maneno yalikuwa mawili. Gundi kwanza. Yalimpanda mpaka kwenye meno yakasimama hapo. Akiyasema, yeye ndiye atakuwa ameanza. Na si alisema anasaidiwa tu? Basi leo afanye bila msaada. Alisimama na beseni lake akamtazama akitikisa kopo, akilipima umbali, akitikisa tena, akifunika vigae vya baraza visichafuke. Muda ulikuwepo wa kusema hata mara kumi.

Mume akapuliza. Mwanzoni ilipendeza. Kisha kuta zikaanza kutokota, madirisha yakaungana, na mnara ukainama. Akanyoosha mkono kuushika, vidole vikazama ndani. Chumba cha juu kilikwenda na kiti chake.

Alipogeuka, akamwona.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Nimefika sasa hivi."

Mume aliangalia chini. Shuka moja lilikuwa limening'inia nje ya beseni, na maji yake yalikuwa yametengeneza dimbwi miguuni pa mke, yakavuka kizingiti, yakafika mpaka kwenye magazeti. Aliyatazama yale maji, akaufuata mkondo wake kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hapo ndipo maneno yote yalipomjia mke, na pole, na nisamehe mume wangu. "Mimi nili..."

"Usijali," mume akasema, kwa upole uleule anaowapa wanafunzi waliofeli. "Kosa langu." Akafuta mkono kwa gazeti.

Kesho yake wageni wakaja kama kawaida. Muuza Viatu akaliona lile bonge jeusi pembeni ya ukuta.

"Mwalimu, hili nalo limepatwa na nini?"

"Nilipulizia rangi bila kujua. Foamu ikaliwa."

"Sasa shemeji hakukwambia? Si ndiye mwenye rangi zake?"

Mke alikuwa anaingia na sinia la chai. Akasimama akingoja asemwe mbele za watu, na kwa mara ya kwanza akaona ni haki yake kusemwa. Mume akamwangalia usoni, kisha akaziokota dadu.

"Hakukuwa na mtu nyumbani," akasema, akazirusha.