Robota Lisiloniangukia

Cheka ukipenda, lakini mke wangu usimcheke.

Jineri moja hapa Shinyanga, kiwanda cha kuchambua pamba, iliniajiri nicheze ngoma katika kikundi chake. Jumamosi tulishindana na kikundi cha Samuye. Kwetu mshindi ni yule anayewavuta watazamaji waache upande wa mwenzake. Basi nikaruka, umati ukahamia kwetu, nami nikatua vibaya na kuteguka kifundo cha mguu.

Fidia hupewa aliyeumia kazini. Nikajiuliza, nani atakubali kwamba kurukaruka ni kazi? Nikaripoti kwamba nimeangukiwa na robota la pamba.

Jana bwana ustawi wa kiwanda, anayeshughulikia fidia, alikuja kunijulia hali nyumbani Ngokolo. Nikajikunja kitandani, naguna kama ng'ombe. Mke wangu, Mama Sayi, hakujua lolote kuhusu robota.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, mama. Pole na mgonjwa."

"Ahsante. Lakini ungemwona Baba Sayi alivyoruka! Samuye walibaki na ngoma zao tu!" Akakaza khanga kiunoni, akaanza kumwonyesha.

Bwana ustawi akanigeukia taratibu. "Baba Sayi, wewe umeajiriwa kucheza. Kuumia ngomani ndiko kuumia kazini. Sasa hilo robota ulilifuata kwa kazi gani?"

Nikaacha kuguna. Mke wangu alikuwa bado amesimama kwa mguu mmoja, uso unang'aa, akingoja nimwambie kama amepatia.