Mpaka Maji Yachemke

Wenzake wa wodi ya wazazi walimwita Bi Mkato, na wala hawakumwonea. Miaka kumi na tisa ya ukunga ilimfundisha kwamba zamu inapokabidhiwa, maneno hupimwa kama dawa: kitanda cha tatu, mimba ya pili, njia imefunguka sentimita sita, presha nzuri, kwaheri. Anayetaka porojo aende kwa kinyozi.

Sasa alitaka digrii. Chuo kikuu cha ng'ambo kilimkubali kwa sharti moja, apate alama sita na nusu kati ya tisa katika kila sehemu ya mtihani wa Kiingereza. Kusoma alipata saba, kusikiliza saba na nusu, kuandika sita na nusu. Kuzungumza? Tano! Mtahini alimwomba aeleze nyumba anayoishi, naye akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka: vyumba viwili, safi, bati halivuji. Kisha akakunja mikono kama anayesubiri kitanda kinachofuata.

"Tano, Mama," alilalama nyumbani. "Na sikukosea hata neno."

Mama mkwe wake alikuwa akichambua mchele. Mume wa mkunga alikuwa dereva wa lori, wiki moja nyumbani na tano barabarani, kwa hiyo wanawake hawa wawili ndio walioijaza nyumba, mmoja kwa kazi na mwingine kwa maneno. Bibi yule angekusimulia alivyokwenda kununua chumvi mpaka ukasahau kilichokuleta.

"Mwanangu, hukufeli Kiingereza," alisema. "Umefeli umbea. Na hapo umefika kwa fundi."

Nafasi ya kurudia ilibaki moja, wiki sita mbele. Akikosa tena, kiti chake chuoni kingepewa mwingine. Basi kila alipotoka zamu, bibi alibandika birika, akauliza swali, na sheria ilikuwa hakuna kunyamaza mpaka maji yachemke. Mkunga alijibu kwa Kiingereza. Mama mkwe hakujua hata cha kuombea maji, lakini hilo halikumzuia kusahihisha: alipima urefu wa jibu.

"Mbona kimya? Maji hata hayajapata moto."

"Nimemaliza, Mama. Si umeniuliza habari za soko?"

"Umefikaje sokoni bila kukutana na mtu? Rudi mlangoni uanze upya!"

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso matupu. Ya tatu, mkunga alijikuta akieleza viatu vya muuza nyanya, na kwa nini vilikuwa vya jozi mbili tofauti. Ya tano maji yalichemka, yakakauka, birika likaungua kitako bila yeyote kugundua. Walicheka hadi bibi akaomba ashikwe asianguke.

Siku ya mtihani aliambiwa asimulie safari yoyote kwa dakika mbili. Zilipokwisha, mtahini akainua mkono kumshukuru. Mkunga akamwomba, kwa adabu zote, avumilie kidogo, maana katika safari hiyo bado hawajafika hospitalini na garini kuna mama mwenye uchungu. Mtahini akashusha mkono.

"Alijifungua salama?" akauliza.

Matokeo yaliingia kwenye simu siku ya mapumziko yake, saa sita mchana. Kuzungumza: saba na nusu. Mkunga alipiga yowe, akamkumbatia mkwewe, akaanza kumwaga yote kwa pamoja, ndege, makoti, mabweni, miaka mitatu. Hapo akamwachia.

"Mama, sasa wewe utabaki kuzungumza na nani?"

Bibi alijifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Hilo nililiwaza siku ileile uliponiletea tano yako," alisema. "Ningekuacha tu ufeli, ungebaki nami. Nikaona hapana, mtoto wangu aende. Ila ukipiga simu nikakuuliza habari za huko, usithubutu kuniambia 'nzuri' ukakata."