Nilivyoipaka Wanja Gari Nyeusi ya Mzee Khelef

Wakuu, assalaam alaykum. Na wale wa salamu nyingine, habari za saa hizi.

Juzi humu kijana mmoja kaweka picha ya gari yake nyeusi, kaipiga juani. Bodi nzima ina mikwaruzo myembamba ya duara duara, kama buibui kahamia. Anauliza hizi swirl marks zinatokaje.

Akajibiwa mashine, pad, compound, sijui nini cha kuagiza Dubai. Miye nikacheka mpaka chai ikanipalia.

Mashine sina. Kisa ninacho. Na kama nitaongopa, simu hii inizimikie mkononi kabla sijabonyeza kutuma.

Hii ni Pemba, mwishoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Miye kijana wa Wawi, shule nimeiacha katikati kwa sababu hesabu na miye tulikuwa tunaoneana haya. Lakini usukani naujua. Nikawa dereva wa Mzee Khelef, mfanyabiashara wa karafuu.

Gari yake nyeusi tii, kauziwa na Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Wawi nzima magari hayajai kiganja. Yeye akipita, watu wanasimama kuitazama gari, halafu ndiyo wanakumbuka kumwamkia mwenyewe.

Sasa sikilizeni penye roho yangu.

Mzee Khelef alikuwa na mtoto wa ndugu yake, anaitwa Time. Babake marehemu, kwa hiyo ami yake ndiye walii, yaani yeye ndiye wa kumuozesha. Miye nishapeleka posa. Mzee kasema atanijibu ikishapita harusi ya mwanawe Salim, anayeoa Mtambile.

Kwa hiyo miye kila asubuhi naifuta gari ile kama naifuta posa yangu.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Vumbi la njia ya shamba jekundu, limo na mchanga. Miye sina habari ya maji. Nachukua tambara kavu, nazungusha, nazungusha, kwa nguvu zote, kama mtu anayetandaza unga wa mkate wa maji kwenye chuma. Mchanga wote unapita juu ya rangi, na miye napiga mluzi.

Bandani gari ilikuwa inang'aa. Kumbe bandani kiza.

Wiki ya harusi Mzee akaniambia niitoe nje, juani. Akaizunguka mara moja. Akasimama penye boneti.

"Wee kijana, hebu nitolee huu utando wa buibui."

Nikapangusa.

"Bado upo."

Nikapangusa tena. Mzee akainama, akapitisha ukucha. Halafu akanitazama miye, akatazama tambara mkononi mwangu, akatazama mchanga uliomo kwenye tambara.

"Yakhe, si buibui huyu. Buibui ni weye."

"Mzee, itatoka."

"Itoke kabla ya harusi. Ntu asiyejua kutunza ngozi ya gari, nimkabidhi ngozi ya mwanangu?"

Wakuu, sikulala vizuri. Posa yangu imeandikwa duara duara juu ya boneti, na kila jua likitoka linaisoma.

Kwanza nikajaribu mafuta ya nazi. Nikayapaka gari nzima, ile mikwaruzo ikapotea palepale! Nikaruka. Nikaenda nayo mpaka Tibirinzi na kurudi, kuitembeza tu. Niliporudi gari si nyeusi tena, nyekundu. Vumbi lote la njia limenasa, na nzi juu. Nikaiosha, buibui akarudi.

Hapo akili yangu, ile iliyoacha shule katikati, ikafanya kazi.

Dada yangu alikuwa anajitengeneza kwa ajili ya harusi hiyohiyo, kakaa na kioo, anajipaka wanja. Nikamtazama. Jicho lina makunyanzi, akipitisha wanja, makunyanzi hayaonekani. Nikajiuliza, ikiwa jicho la mtu linapendeza, gari nyeusi itashindwa nini?

Nikamwomba dada wanja wake. Akacheka, akadhani natania. Haukutosha hata mlango mmoja, basi nikaongeza masizi ya chungu, nikachanganya na mafuta ya nazi, mara hii kidogo. Nikapaka, nikafuta, nikapaka, nikafuta.

Subhanallah. Kioo!

Mzee alipotoka asubuhi ya harusi akasimama mbele ya mlango wa gari, akajitengeneza ndevu kwa kujitazama mlangoni.

"Umefanyaje?"

"Nimeishughulikia, Mzee."

"Mashallah. Basi tukirudi tutazungumza."

Tutazungumza! Nikaendesha mpaka Mtambile sijui kama magurudumu yanagusa chini.

Tukafika jua kali. Na nyinyi mnajua harusi zetu, bwana harusi haingii hivi hivi. Kina mama wamefunga mlango, wanataka waimbiwe, wabembelezwe, ndiyo wafungue. Kusubiri kukawa kurefu. Mzee Khelef, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, akaiegemea gari yake. Wazee wenzake nao wakaona mwenye gari kaegemea, wakajipanga hapohapo, bega kwa bega.

Miye naona kila kitu. Niseme nini? "Wazee, msiiegemee, imepakwa wanja"?

Mlango ukafunguliwa. Wazee wakageuka kuingia.

Vigelegele vikaanza, vikakatika katikati. Halafu kikaja kicheko ambacho miye sijakisikia tena mpaka leo. Bibi yake bi harusi, kizee mwenye ulimi, alisimama kizingitini akashika kiuno:

"Haya jamani, njooni mwone! Sisi huku wanja twapaka machoni. Wanaume wa Wawi wapaka matakoni!"

Salim, bwana harusi, joho lake lilimsitiri, jeusi kwa jeusi. Lakini alikuwa kaushika mlango wa gari, na mkono huohuo akampa baba mkwe. Baba mkwe akajifuta jasho usoni kwa mkono ule. Sitaki kuendelea.

Ndoa ilifungwa salama, alhamdulillahi. Aliyefungiwa ni miye. Mzee alinivuta pembeni, anajaribu kuutazama mgongo wake mwenyewe.

"Hii nini?"

"Wanja, Mzee."



"Umeipaka gari wanja."

"Ndiyo, Mzee. Na masizi kidogo."

"Na hina utaipaka lini?"

Nikainamia viatu vyangu.

"Ile posa usinikumbushe. Nikitaka nitakumbuka mwenyewe."

Wakuu, kurudi Wawi niliendesha kama nabeba maiti yangu.

Kesho yake Wawi nzima inajua. Nikipita, watu wananiuliza kama gari ishachaniwa nywele. Lakini funguo Mzee hajaninyang'anya, nikasema hapa bado pana upenyo. Nikaiosha gari kwa maji mengi na sabuni, kitambaa laini, nikatoa wanja wote. Buibui akanikodolea macho.

Sasa nikafikiri kwa utulivu. Mkwaruzo ni shimo. Shimo hulifuti, na ukilijaza linamwaga ulichojazia. Lililobaki ni kushusha ukingo wake, kidogo kidogo, mpaka uwe sawa na shimo. Nikakumbuka dawa ya meno ya unga, ile ya kopo. Inasugua meno na haiyali.

Mara hii sikukurupuka. Nikaifungua buti ya nyuma, nikachagua pahala pa ndani pasipoonekana, nikaweka unga na maji kidogo kwenye kitambaa, nikasugua taratibu.

Kitambaa kikawa cheusi.

Nikakaa chini. Nimemchuna Mzee gari! Rangi yote inahamia kwenye tambara! Nikaona sasa si posa tu, hata Wawi nitahama.

Nilipopangusa kuona maafa yangu, pale pahala pamekuwa laini, hamna hata duara moja. Ndiyo nikaelewa: rangi za zamani zile ukizisugua hutoa ngozi nyembamba ya juu, na mkwaruzo hutoka nayo. Ukizidisha, unakuta bati.

Basi nikahamia kivulini. Kipande kwa kipande, mkono mwepesi, kwenda mbele na nyuma, hakuna kuzungusha. Madigadi yalinitoa machozi kwa ule mviringo wake. Mwenye duka nilipomrudia tena kwa kopo jingine akanishika mkono:

"Yakhe, weye una meno mangapi?"

Ilipokwisha nikaiweka gari juani, katikati ya uwanja, nikamwita Mzee.

Akaizunguka. Akapitisha ukucha. Akavua kofia yake nyeupe, akaisugua kwenye boneti, akaigeuza kuitazama. Nyeupe. Akaisugua kwenye mlango. Nyeupe. Akaivaa.

Akaingia ndani.

Nikabaki juani na gari. Nasikia sauti ndani, siisikii vizuri. Mnajua utaratibu: msichana huulizwa na walii wake, naye akinyamaza, ndiyo karidhia. Nikawa naomba ukimya. Sijawahi kuomba ukimya namna ile.

Mzee akatoka.

"Nimemuuliza Time."

"Naam, Mzee."

"Hakunyamaza."

Nikaiegemea gari.

"Kacheka. Nimemtaja jina lako tu, kacheka mpaka kaanguka kwenye jamvi."

"Sasa, Mzee, hiyo ni ndiyo au siyo?"

"Hata miye sijui. Twende kwa mwalimu."

Tukaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa gari ileile. Mwalimu akafikiri, akasema kicheko cha bikira nacho ni idhini, maadamu si cha dharau.

Mzee Khelef akanitazama kutoka kofia mpaka viatu, akashusha pumzi.

"Hapo ndipo penye shaka, mwalimu. Lakini andika."

Yupo chumba cha pili sasa hivi huyo Time. Nimemuuliza miaka yote hii kile kicheko kilikuwa cha aina gani. Anacheka.

Kijana wa gari nyeusi, nilichojifunza ni hiki: usifute vumbi kavu, litoe kwanza kwa maji. Usizungushe mkono. Dawa yoyote ijaribu pasipoonekana kabla ya boneti. Na gari za siku hizi zina ngozi ya juu isiyo na rangi, kwa hiyo dawa yangu ya meno yaachie meno.

Wenye gari nyeusi mlete na zenu, msinione mjinga peke yangu. Na kama humu mna mwanachuoni anayejua kukitofautisha kicheko cha radhi na cha dharau, aandike hapa chini upesi. Miye umri umekwenda na mwenzangu bado anacheka.