Kipande cha Hatua ya Chini

Mke wangu hakwenda shule, mimi vilevile. Ila yeye mawe aliyasoma. Miaka ishirini na sita alichambua mawe kwenye yadi ya kuuzia mawe, kando ya mashine ya kukatia, akirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope.

Mimi mwashi. Mwaka mmoja nilipewa kazi ya kujenga ngazi ya zahanati, hatua kumi na moja, granaiti tupu. Msimamizi aliniambia mapema: nikikosea, jengo lililobaki anampa fundi mwingine.

Siku ya kuchukua mawe, mke wangu alikuwa kitandani na homa. Nikachagua mwenyewe. Yote madoadoa meusi na meupe. Kwangu jiwe ni jiwe.

Kesho yake homa imempungua, akaniletea chai. Hatua nane nimeshapanga, saruji mbichi. Hata salamu hakunipa. Alimwaga ndoo ya maji kwenye ngazi, akachuchumaa.

“Fundi, umechanganya.”

Nikabisha kwamba yanafanana. Akaniuliza kama siku ya posa ningepewa dada yake ningekubali, maana nao wanafanana. Vibarua wakaangua kicheko. Nikanywa chai yangu.

Basi akanionyesha. Granaiti ikilowa utaona chembe za kijivu, kama chupa iliyovunjika. Weusi wake ni ulanga. Ukiukwangua kwa ukucha unabanduka vijiganda. Lile lingine, dioriti, chupa hizo huzioni. Na weusi wake ukwangue mpaka ukucha ukatike, haubanduki.

Mawe matatu yalikuwa dioriti. Tukang’oa mawili kabla saruji haijashika. Akaenda yadi na homa yake, akarudi na mkokoteni wa granaiti, akinicheka tangu getini.

La tatu lilikuwa kipande kidogo tu, pembeni, hatua ya chini. Nikashika patasi. Akanizuia.

“Hicho kiache. Siku ukijidai, nitakuleta ukione.”

Mchana msimamizi akaja. Akakikanyaga kile kipande, akapanda mpaka juu, akashuka. Jengo zima nikapewa mimi.

Nilijidai sana maishani. Alinileta pale mara nyingi.

Tulimzika mwezi wa pili. Mvua ikinyesha nakwenda zahanati, nachuchumaa, nakwangua kile kipande kwa ukucha. Hakibanduki. Nacheka, wagonjwa wananitazama.

Siku hizi sijidai. Nakwenda tu.