Siku Sita za Baba na Mama Mkwe

Baba yangu ni fundi baiskeli. Watu walimbandika jina la Spoki, ule waya wa gurudumu, kwa wembamba wake na kazi yake, na jina likamkaa hadi mama naye akalizoea. Bibi, mzaa mama, hakulitumia. Yeye hakumwita baba kwa jina lolote. Alikuwa amemtakia binti yake mume wa ofisini, mwenye kalamu mfukoni. Akaja kijana mwenye grisi kwenye kucha, akakaa kwenye kochi jipya na kuacha alama.

Ndoa ilifungwa, lakini miaka tisa ikapita bibi na baba hawajasemezana ana kwa ana. Tuliishi nyumba moja, tukala meza moja, na bibi akawa anasema, "Mwambie mumeo chumvi iko mbele yake." Mama anamgeukia baba: "Umesikia?" Baba naye: "Mwambie mama nashukuru." Ugomvi hasa haukuwepo. Heshima ilikuwa imeganda, na kila mmoja aliona haya kuwa wa kwanza kuiyeyusha.

Mwaka niliotimiza miaka saba, mapigano yalifika mji wa jirani. Asubuhi moja karakana ya baba haikupata mteja hata mmoja, kwa sababu kila mwenye baiskeli alikuwa ameshaipanda na kuondoka. Baba alifunga mlango, akachukua pampu na spana mbili, akaja nyumbani.

"Tunaondoka," alimwambia mama. "Mwambie na mama ajiandae."

Bibi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

Nyonga ya bibi ilikuwa mbovu. Kwake kutoka jikoni hadi uani ilikuwa safari. Baba alifunga mto juu ya keria, akamkalisha, akaanza kusukuma. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, na mimi nikang'ang'ania blauzi yake. Barabara ilijaa watu kama sisi, wengine na magodoro kichwani, wengine na kuku kwapani.

Siku ya pili lori la magunia lilisimama. Dereva, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alisema ana nafasi ya mama na watoto tu, tena ya kusimama. Bibi asingeweza kupanda wala kusimama. Mama akakataa katakata.

"Panda," bibi alimwambia. "Watoto wote wawili wakichoka, una migongo mingapi?" Kisha akatazama pembeni. "Mimi nina usafiri wangu."

Tukapanda. Nililia hadi nikapata kwikwi. Nilimwona baba akipunga mkono, na bibi juu ya keria, mgongo umenyooka kana kwamba anapigwa picha.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyasikia kwao wawili, kila mmoja kwa namna yake, na wanapopingana ndipo hadithi inanoga.

Walipobaki peke yao, hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Walikwenda kimya saa nzima. Mwishowe bibi akaanza kuzungumza na baiskeli.

"Wewe baiskeli, mwambie huyo anayekusukuma kuna shimo mbele."

Baba akaujibu usukani: "Mwambie aliyekaa nimeliona."

"Kama ameliona, mbona tumeingia?"

Baba anadai alicheka kidogo tu. Bibi anadai alicheka hadi akakaribia kumwangusha.

Siku ya nne tairi la nyuma lilipasuka. Mpira wa ndani ulichanika kiasi cha kupitisha kiganja, na gundi ilikuwa imeisha. Dawa pekee ilikuwa kulijaza tairi matambara. Baba akavua shati, akalikunja na kulishindilia, halikutosha. Akajaribu nyasi, zilikuwa kavu, zikasagika. Mto hakuugusa, maana nyonga ya bibi isingevumilia keria tupu. Nguo zetu nyingine zote zilikwenda na mama kwenye lori. Akakaa chini, kichwa mikononi.

"Geuka huko," bibi akasema.

"Nani, mimi?"

"Yuko nani mwingine hapa? Geuka, na usitazame mpaka nikuambie."

Baba akageuka. Anasema alisoma kibao cha barabarani mara ishirini huku akisikia nyuma yake mguno, mvutano, na mguno tena.

"Haya."

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, ameshika gaguro lake la kuvaa ndani ya gauni, la pamba, zito, lenye lesi kwenye pindo.

"Lichane."

"Mama, mimi hili siwezi."

"Basi nitalichana mwenyewe. Ila ukimwambia mtu, nitakukana mchana kweupe."

Akalichana vipande vipande, naye baba akavishindilia ndani ya tairi. Lilikaa vizuri, ila kipande cha lesi kilichungulia pembeni ya rimu, na hapakuwa na jinsi ya kukirudisha ndani. Wakaendelea hivyo, tairi na lesi yake.

Tangu hapo mazungumzo hayakukatika. Bibi alimuuliza kuhusu mama yake, naye baba akamweleza kwamba alifariki yeye akiwa mdogo hata kumkumbuka sura hamkumbuki. Bibi akasema, "Na mimi miaka yote hiyo nakupitishia chumvi kwa mkono wa mwingine." Siku ya tano mama mmoja aliwafungulia lango lake, akampa bibi maji ya moto akande nyonga, akawapa mkate na shati la marehemu mumewe. Shati lilimpwaya baba kama turubai. Analo hadi leo.

Siku ya sita walifika kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, ukumbi mrefu wenye meza moja na foleni inayotoka hadi nje. Mezani alikaa karani, msichana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Huyu ni nani wako?"

"Mama wa mke wangu," baba akajibu.

"Mkeo yuko wapi?"

"Alitangulia na lori. Sijui walikoshushwa."

Karani akaweka kalamu chini. "Samahani, kaka. Mkwe peke yake hatumwandiki kama familia. Bibi ataondoka kesho na basi la wazee, wewe utakwenda jengo la wanaume."

Bibi akasema, "Mwanangu, nisaidie nisimame."

Baba akatazama nyuma kuona nani anaitwa. Alipoelewa, akampa mkono. Bibi akaegemea meza kwa viganja vyote viwili.

"Huyu ni mwanangu. Andika."

"Bibi, mwenyewe amesema sasa hivi ni mkwe wako."

"Ana aibu huyu. Hajazoea."

"Umemzaa wewe?"

"Nimemzaa njiani, siku ya nne. Na uchungu wake usiuulize."

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Akawatazama tena, bibi na vumbi lake, baba na shati lake la turubai, kisha akainama na kuandika: mama na mwana. Kadi moja. Baba akainama kutia sahihi. "Andika vizuri," bibi akamnong'oneza, "watadhani sikukusomesha."

Walikaa pale siku tisa, hadi dereva mnene alipopita tena na magunia yake. Aliitambua baiskeli ukutani kabla hajawaona wao, na alikotushusha sisi alikukumbuka. Safari hii alimkalisha bibi mbele, karibu yake, akaifunga baiskeli juu ya mzigo. Baba alipomuuliza jina ili amkumbuke, alijibu, "Wewe nikumbuke kwa kushika hiyo kamba vizuri." Jina lake hatukulijua kamwe, na haipiti siku mama asimwombee heri.

Mama alikuwa ameshapata kazi ya kufua mashuka, na mwenye dobi alitupa chumba cha nyuma, chenye dirisha. Nilikuwa nakunja foronya nilipowaona mlangoni. Nilimrukia baba. Bibi hata hakusalimia.

"Mwanangu amekonda," alimwambia mama. "Mpe chakula."

"Nani?"

"Huyu hapa!"

Mama alikaa kitako juu ya lundo la mashuka mabichi.

Maisha hayakunyooka siku ileile. Baba alitengenezea baiskeli ukumbini mwa dobi kwa miaka mitatu, akifukuzwa kila nguo zinapoanikwa. Leo ana karakana yenye mlango na kufuli. Bibi hukaa ndani, akichambua nati kwa ukubwa wake, na hugombana na baba kuhusu redio kuanzia asubuhi. Mama husema kuna siku anatamani kuwa tena mkalimani wao, walau apumzishe masikio.

Mwezi uliopita nilijifungua binti. Baba alipanga foleni ya kumshika, bibi akampita. Alimpakata mtoto mapajani, akamkagua vidole vya miguu kimoja kimoja, vilaini, visivyo na vumbi wala sugu.

"Mwenzetu huyu," akasema, "amezaliwa ameshafika."

Kisha akampa baba amshike.